Ukistaafu Elwak, Nani Akushauri Bima ya Afya?

Alinipigia simu nikiwa arusini. Ilikuwa mapema 2025, nami nimekaa na wazee wenzangu Kibokoni tukingoja sinia ya pilau. "Ndugu yangu," akasema, "kuna kijana wa bima amenipigia. Nalipa mara moja kwa mwaka, na nikilazwa nalipiwa hadi nusu milioni. Nichukue?"

Nikamjibu, "Chukua tu, Mwalimu. Nusu milioni si haba." Kisha nikarudi kwenye pilau.

Mwalimu ni mtu wa Mombasa kama mimi. Tulisoma darasa moja. Zaidi ya miaka 30 iliyopita alipelekwa Elwak kufundisha, akaoa huko, akazaa huko, na leo ukimsikia akizungumza Kisomali hutadhani alizaliwa Pwani. Mimi nilibaki Mombasa, nikakaa miaka 19 kwenye meza ya madai katika ofisi ya bima. Kazi yangu ilikuwa kusoma mikataba na kuamua nani alipwe na nani asilipwe. Katika watu wote aliowajua Mwalimu, mwenye ujuzi wa kumsaidia nilikuwa mimi, na siku ile sikumuuliza swali hata moja.

Miezi saba baadaye mkojo ulimzuia usiku. Tezi dume ilikuwa imevimba. Hospitali ya hapo Elwak walimwekea mpira akapata nafuu, lakini alihitaji upasuaji wa mtaalamu. Familia ikaipigia simu kampuni ya bima. Jibu la kwanza: hospitali zilizo kwenye orodha ya mkataba wake ziko Nairobi. Jibu la pili: alikuwa akimeza dawa za tezi dume miaka miwili kabla ya kuchukua bima, na maradhi ya namna hiyo hayalipiwi mpaka mwaka mmoja upite. Wakageukia bima ya serikali. Huko nako jina lake lilikuwa limelala, kwa sababu tangu mshahara wake wa mwisho hapakuwa na aliyelipa. Yeye alidhani ile bima mpya imechukua nafasi ya ile ya zamani.

Waliuza ngamia wawili. Upasuaji ulifanyika, alhamdulillahi, na Mwalimu yu mzima. Lakini mimi nilipanda basi kwenda kumwona nikiwa na uzito moyoni. Nilikaa kwake siku tisa, na kila jioni wastaafu wenzake walikuwa wakija na bahasha zao za karatasi: muuguzi wa zamani, askari aliyestaafu, karani wa kaunti. Makala haya nimeyaandika kutokana na maswali yao. Anayestaafu Lamu, Malindi au Kwale nayo yatamfaa, kwani sheria ni ile ile, na wengi wetu tuna ndugu walioko huko juu.

Bima ya kwanza ni ya serikali

Kabla ya kumtafuta mjuzi yeyote, mstaafu ajue anasimama wapi. Bima ya Taifa ya Hospitali, NHIF, iliyoanza 1966, haipo tena. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliiondoa, na tangu 1 Oktoba 2024 kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

Ndani ya SHA kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, nao hugharimia huduma katika zahanati na vituo vya afya, yaani viwango vya 2 na 3. Huu haungoji mchango wako, kujisajili kunatosha. Wa pili ni mfuko wa bima yenyewe, unaolipia hospitali za kiwango cha 4 hadi cha 6, na huu ndio unaodai mchango. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu na mazito, ambao huanza kulipa pale fungu la mfuko wa pili linapokwisha.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kila mwezi, na mchango haushuki chini ya shilingi 300. Kwa hiyo mwalimu wa mshahara wa shilingi 60,000 hukatwa 1,650. Mwajiri ndiye anayekata na kupeleka, na wewe huna la kufanya.

Hapo ndipo wastaafu wanapokwama. Mshahara ukikoma, mkataji amekoma pia. Sasa ni juu yako kuingia kwenye mfumo, ama kwa simu kupitia *147# ama kwenye tovuti ya Afya Yangu, na kujibu maswali ya kupima kipato kuhusu nyumba na maisha ya watu wa nyumbani kwako. Mfumo unakadiria mchango wako, nawe unatakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyekadiriwa kiwango cha chini atalipa shilingi 3,600. Aliyekadiriwa shilingi 1,000 kwa mwezi ajiandae na 12,000. Kwa wasio na fedha za mkupuo kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, uliozinduliwa 2025, unaomwezesha mtu kugawanya malipo hayo. Na ukiona makadirio hayafanani na hali yako, usinung'unike kibarazani. Omba yapitiwe upya.

Mambo matatu yaliwashangaza wengi pale kwa Mwalimu. La kwanza, SHA huhesabu nyumba: mchangiaji, mwenzi wake na watoto. Mzazi wako mzee hamo. Yeye ni nyumba yake mwenyewe na anahitaji usajili wake, hata kama mnakula chungu kimoja. La pili, bila kitambulisho hakuna usajili wa mtu mzima. Kwa miaka mingi watu wa kaunti za mpakani walipitishwa kwenye mchujo wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, hadi Rais William Ruto alipotia saini tangazo la kuuondoa akiwa Wajir Februari 2025. Basi kama nyumbani kuna bibi asiyekuwa nacho, aanzie hapo. La tatu, namba ya simu iliyosajiliwa iwe iliyo hai na mkononi mwa mtu mnayemwamini. Nimekuta mzee ambaye namba yake ya SHA ilikuwa ya mjukuu aliyehamia Nairobi na kubadilisha laini.

Milango inayofungwa na umri

Bima ya kampuni binafsi ni kitu kingine. Si haramu kuwa nazo zote mbili, na kwa mwenye uwezo ni vyema. Lakini kampuni inafanya biashara, na mzee kwake ni mteja ghali.

Kampuni nyingi zina umri wa mwisho wa kumpokea mteja mpya. Nyingine husimama 60, nyingine 65, nyingine 70. Aliyeingia kabla ya umri huo mara nyingi huruhusiwa kuendelea. Anayebisha hodi baada yake huambiwa pole, au hupelekwa kwenye mpango maalumu wa wazee ambao ada yake ni kubwa na vikomo vyake vidogo. Kenya umri wa kustaafu utumishi wa umma ni 60. Yaani siku unayopokea barua ya kustaafu na keki, ndiyo siku ambayo baadhi ya milango imefungwa, na bima ya mwajiri nayo inakoma. Ndiyo maana nasema ushauri wa bima hutafutwa ukiwa na miaka 55, wakati unaweza bado kuchagua.

La pili ni maradhi uliyokuwa nayo kabla. Presha, sukari, tezi dume, macho, magoti: haya ndiyo maradhi ya umri wetu, na ndiyo yanayowekewa muda wa kungoja, mara nyingi mwaka mmoja, na kikomo chake peke yake kilicho chini ya kile kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Ile nusu milioni ya Mwalimu ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa ya tezi dume.

Wala usifiche maradhi ili upate bima rahisi. Nilipokuwa kwenye meza ya madai, faili zilizoniumiza roho zilikuwa za watu waliojaza "hapana" kwenye kila kisanduku kwa sababu muuzaji aliwaambia ndiyo njia ya haraka. Siku ya dai, kampuni huomba historia ya matibabu kutoka hospitali, na "hapana" moja ya uongo inatosha kuuvunja mkataba mzima. Muuzaji wakati huo ameshachukua kamisheni yake na huenda hata kazi ameacha.

La tatu ni kwamba mikataba mingi ya binafsi hutaka uwe hai SHA kwanza. Hospitali hutoza SHA sehemu yake, na kampuni hulipa kinachobaki. Ukiwa umelala SHA, sehemu ile unailipa kutoka mfukoni mwako hata kama una kadi ya kampuni. Kwa hiyo anayekwambia "ukiwa na yetu huhitaji ya serikali" amekwambia jambo litakalokugharimu.

Suala la takaful

Elwak, kama Lamu, kuna wazee ambao hawatagusa bima yoyote kwa sababu ya dini. Wanaogopa riba na biashara ya kubahatisha. Sikwenda kuwabishia. Niliwakumbusha tu kwamba kaskazini wanaijua takaful kuliko sisi wa Pwani, kwa njia ya mifugo. Kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza kazi Kenya 2011 kwa kufuata sharia, na 2014 iliwalipa wafugaji wa Wajir baada ya ukame kukausha malisho. Katika takaful wanachama huchangiana kwenye mfuko wa kusaidiana, na kampuni huusimamia kwa ujira.

Anayetaka takaful ya afya aulize mambo mawili. Kwanza, bodi ya masheikh inayoukagua mpango huo ni ya kina nani? Pili, na hili wengi hulisahau, orodha ya hospitali na muda wa kungoja ukoje? Mkataba kuwa halali hakuuzuii kuwa haba. Kuhusu SHA, wazee wawili pale walisema wao wanauona mchango ule kama wa baraza la kijiji: kila mtu anatoa, mgonjwa anatumia. Mwenye shaka amwendee sheikh wake, lakini aende mapema, si siku ya kulazwa.

Nani mjuzi, nani muuzaji

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Elwak hakuna barabara ya ofisi za bima kama Moi Avenue yetu. Ushauri huja kwa simu, na aghalabu anayepiga ndiye anayeuza. Basi ujue nani ni nani.

Wakala wa bima ni mtu wa kampuni. Anaweza kuwa mwaminifu sana, lakini kazi yake ni kuuza bidhaa za kampuni inayomtuma. Ukimuuliza kama kuna iliyo bora kwingine, umemuuliza muuza samaki kama nyama ni tamu.

Dalali wa bima ni tofauti. Kisheria yeye humwakilisha mteja, na anaweza kukuletea bei za kampuni tano ukazilinganisha. Hata hivyo kamisheni yake hutoka kwa kampuni utakayoichagua, kwa hiyo si dhambi kumuuliza: "Katika hizi, ni ipi inayokulipa zaidi?" Dalali mzuri atajibu. Anayekasirika amejibu pia.

Wote wawili lazima wawe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, iliyoanza kazi 2007. Leseni hutolewa kwa mwaka, na mamlaka huchapisha orodha ya walioruhusiwa kwenye tovuti yake. Mwambie kijana wako au mwanao wa sekondari aitazame kabla hujatuma hata shilingi. IRA pia hupokea malalamiko ya mteja anayeona ameonewa, na kulalamika hakuna malipo.

Kuna wajuzi wengine wasiouza kitu. Afisa wa SHA, au meza ya SHA kwenye Huduma Centre iliyoko kila kaunti, atakwambia jina lako li hai au limelala na kama hospitali fulani ina mkataba. Mhudumu wa afya wa jamii anayepita nyumba kwa nyumba anaweza kukusajili kwa simu yake. Katibu wa mfuko wako wa pensheni anajua kama mfuko una mpango wa matibabu ya wastaafu. Na karani wa hospitali anayeshughulikia bima, yule aketiye dirishani, anajua kuliko wote ni kampuni gani inalipa upesi na ipi inasumbua. Mimi nimefanya kazi ya bima, na bado ningeanza kwa kumuuliza huyo.

Wenzetu wa ughaibuni wana kitu ninachokitamani. Marekani mtu akitimiza miaka 65 huingia katika Medicare, bima ya serikali ya wazee, na hapo hupigiwa simu na wauzaji wa bima za nyongeza kama Mwalimu alivyopigiwa. Lakini tangu sheria ya 1990 kila jimbo lina mpango uitwao SHIP: washauri, wengi wao wa kujitolea na baadhi yao wastaafu, humkalisha mzee bure na kumsomea mikataba, na hawauzi chochote. Sisi hatuna. Lakini misikiti na vyama vya walimu wastaafu tunavyo, na karani mmoja wa bima aliyestaafu hakosekani mjini. Kumketisha barazani Jumamosi moja kwa mwezi hakuhitaji bajeti ya kaunti.

Bima ina thamani ya hospitali unayoweza kufika

Elwak iko kusini mwa Kaunti ya Mandera, mpakani. Ng'ambo ya pili ni El Wak nyingine, ya jimbo la Gedo, Somalia. Hospitali ya kaunti ndogo ipo. Lakini kwa mtaalamu mgonjwa hupelekwa Mandera mjini, au hushuka kupitia Kutulo hadi Wajir, au huendelea hadi Garissa, ambako kuna hospitali kubwa ya rufaa na kituo cha saratani cha eneo, au hufika Nairobi. Wakati wa mvua barabara huamua yenyewe.

Mjuzi asiyekuuliza unaishi wapi hajaanza kukushauri. Mtu wa Nyali anaweza kuchagua bima kwa bei. Mtu wa Elwak lazima achague kwa ramani. Kikomo cha shilingi milioni moja katika hospitali usiyoweza kuifikia usiku hakina thamani kuliko kikomo cha laki mbili Garissa.

Pia kuna njia ya angani. Amref Flying Doctors, ambao chimbuko lao ni madaktari wa ndege wa 1957, huuza uanachama wa mwaka uitwao Maisha wa kuhamisha wagonjwa wa dharura kwa ndege, na Elwak ina uwanja mdogo wa ndege. Uanachama kama huo hulipia safari. Matibabu ni mkataba mwingine. Familia yenye wazee wawili wa presha izungumze juu yake, na iulize mapema kama ndege inatua usiku katika uwanja wao. Na anayezoea kutibiwa ng'ambo ya mpaka asidhani risiti ya huko itarudishiwa fedha huku. Aulize na apewe jibu kwa maandishi.

Maswali ya kubeba

Haya ndiyo maswali niliyomwandikia Mwalimu kwenye daftari la shule. Yakate uyaweke ndani ya kitambulisho.

1. Unalipwa na nani, nami nikikataa kununua utapoteza nini?
2. Naomba leseni yako ya mwaka huu.
3. Umri wa mwisho wa kuingia ni upi, na nikiwa ndani nitaruhusiwa kuendelea hadi umri gani?
4. Haya ndiyo maradhi yangu na hizi ndizo dawa zangu. Kila moja litangoja miezi mingapi, na kikomo chake ni kiasi gani?
5. Ni hospitali zipi za Elwak, Mandera, Wajir na Garissa zilizo kwenye orodha, na orodha hiyo ni ya lini?
6. Matibabu bila kulazwa yamo? Dawa za kila mwezi je? Macho na meno?
7. Ada ya mwaka wa pili inaweza kupanda kwa sababu zipi?
8. Nina wake wawili, au nina mtoto mwenye ulemavu aliyepita miaka 18. Nani yumo na nani hayumo?
9. Usiku wa manane nampigia nani, na huyo anazungumza Kiswahili au Kisomali?
10. Nipe mkataba wote nisome nyumbani kabla ya kulipa.

Swali la 10 ndilo kipimo. Muuzaji anayesema bei inaisha leo saa kumi, mwache iishe.

Kwa ambao bado wana mshahara

Kama hujastaafu, una nafasi ambayo Mwalimu hakuipata. Mifuko ya pensheni inayosimamiwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, inaweza kukuwekea fungu la pembeni la matibabu ya uzeeni. Unachangia ukiwa kazini, na ukistaafu fungu hilo hulipia ada ya bima au matibabu. Tangu 27 Desemba 2024, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya 2024, mchango huo hutolewa kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi, hadi shilingi 15,000 kwa mwezi. Si lazima ufike huko. Hata 2,000 kwa mwezi kwa miaka mitano ni 120,000 kabla ya faida, na hiyo ni ada ya SHA ya miaka mingi kwa mtu aliyekadiriwa chini.

Mwezi wa mwisho kazini, fanya mambo manne: chukua barua ya kuonyesha bima ya mwajiri inakoma tarehe gani, chukua nakala ya historia yako ya matibabu, ingia SHA kama mtu asiye na mshahara na ulipe kabla tarehe hiyo haijafika, kisha ndipo umtafute dalali kuhusu nyongeza. Kiinua mgongo kikifika kina wadai wengi, mabati, mahari, ng'ombe na safari ya Umra. Toa ya matibabu kwanza, kingali kizima.

Siku ya mwisho Elwak tulikaa nje, Mwalimu, mkewe na mimi, chai ya maziwa ya ngamia mezani. Alikuwa amelipa SHA yake ya mwaka na kumsajili mama mkwe wake, mwenye umri usiojulikana vizuri lakini uliopita 80. Ile bima ya binafsi hakuivunja. Muda wa kungoja ulikuwa karibu kwisha, na nilipousoma mkataba wote niliona unaruhusu hospitali moja ya Garissa kuongezwa kwa maombi ya mteja. Tukaandika barua. Ilichukua dakika 20. Ningeweza kuiandika siku ile ya arusi.

Nikamwomba msamaha. Mkewe ndiye aliyejibu: "Shemeji, ngamia wamekwenda, mume wangu yupo. Lakini mwingine akikupigia simu, muulize kwanza anaumwa nini."

Tangu nirudi, simu zimekuwa nyingi. Kila anayepiga namuuliza hivyo kabla ya kusema lolote. Nawe, ndugu msomaji, ukimwendea mjuzi wa bima akaanza kukueleza kabla hajakuuliza, muage kwa adabu uende kwa mwingine.